Kiti Nimepewa, Nazi Nitaziweka Wapi?

Nazi nne zilitawanyika kila moja na njia yake. Moja ilitumbukia mtaroni, moja ikaenda kukaa chini ya tuktuk iliyokuwa ikingoja abiria, mbili zikateremka hadi mlangoni pa duka la vitambaa. Mimi nilibaki chali ndani ya kiti changu cha magurudumu, visigino vikielekea mawinguni, nikitazama anga la Malindi kama mtalii aliyelala ufukweni.

Kosa lilikuwa langu. Mfuko wa sokoni nilikuwa nimeutundika nyuma, kwenye vishikio vya kusukumia, na ndani yake mlikuwa na nazi hizo, kilo mbili za mchele, viazi na chupa ya mafuta. Kwenye tambarare haukunisumbua. Nilipoanza kupanda mwinuko mfupi wa kuingia dukani, uzito wote ukavuta nyuma, magurudumu madogo ya mbele yakaachana na ardhi, na safari ikaishia hapo.

Watu wa mji huu hawachelewi kusaidia. Vijana wa tuktuk waliniinua pamoja na kiti changu kabla sijapata la kusema. Mama anayeuza mboga na nazi pale pembeni alizikusanya kwa leso yake, akazipangusa mchanga moja moja, akaniwekea mapajani. Kisha akanitazama kwa huruma ya mzazi: "Pole mwanangu. Lakini si ungemtuma mtoto?"

Sina ugomvi na mama yule. Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana maneno yake yamekaa nami hadi leo. Ungemtuma mtoto: yaani kiti umepewa ukae, kwenda sokoni ni kazi ya wenye miguu. Hakuuliza mfuko ulikuwa umefungwa wapi. Hakuna aliyeuliza, hata mimi mwenyewe, kwa sababu siku niliyokabidhiwa kiti hakuna aliyenieleza kwamba kuna mahali pa kuweka mzigo na mahali pasipowekwa mzigo.

Hoja yangu wikendi hii ni hiyo. Pwani yetu imejifunza kugawa viti vya magurudumu. Haijajifunza kumuuliza mwenye kiti atabeba nini, atakiweka wapi, na atakuwa amekaa saa ngapi kwa siku. Ni maswali ya jikoni, hayana nafasi kwenye hotuba. Lakini ndiyo yanayoamua kama kiti kitakuwa miguu ya mtu au kitabaki pembeni ya nyumba kikitumiwa kuanikia nguo.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000, wa umri wa miaka mitano kwenda juu, wanaoishi na ulemavu. Kundi kubwa kuliko yote, watu kama 385,000, lilikuwa la wenye shida ya kutembea. Si wote wanaohitaji kiti, ila hapa Kilifi kila mtu anazijua njia zinazotufikisha kitini. Mgema huanguka mnazini. Bodaboda hugongwa kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Kisukari huondoka na mguu, kiharusi hulaza mwili upande mmoja, na wapo watoto waliozaliwa na utindio wa ubongo. Aliyeumia uti wa mgongo, akibahatika, hupelekwa Nairobi kwenye hospitali ya kitaifa ya majeraha hayo, iliyoanza mwaka 1944. Huko hufundishwa kukaa na kujigeuza juu ya sakafu laini ya saruji. Kisha hurudi Ganze au Magarini, na sakafu ya huko ni mchanga.

Huku nyumbani ndiko kwenye hafla za kugawa viti. Viti vimepangwa mstari mmoja chini ya hema, karatasi za plastiki hazijatolewa bado, vyote upana mmoja. Msichana mwembamba anakalishwa kwenye kiti ambacho wangetosha wawili kama yeye, na mzee mwenye mwili wake anabanwa ndani ya kiti cha kipimo kile kile. Hotuba, picha, makofi, soda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, likataja hatua nane: kumpokea mhitaji, kumpima, kumchagulia kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kukirekebisha, kumfundisha, na mwisho kumfuatilia na kukitengeneza kinapoharibika. Msomaji ahesabu mwenyewe hafla zetu huishia hatua ya ngapi.

Basi leo niruhusuni nifundishe somo la hatua ya saba, lile ambalo ningependa kulisikia siku ya hema na soda. Hesabu ya wanaodaiwa nitaitoa baadaye.

Tuanze na mzigo. Kitu kizito kikae chini, na kikae karibu na mwili. Kinachoning'inia nyuma kitakuangusha kichogo kama kilivyoniangusha mimi. Kinachowekwa juu ya vikanyagio vya miguu kitakuangusha kifudifudi unapoteremka. Kinachofungwa upande mmoja kitakuvuta upande huo, na bega moja litafanya kazi ya mawili. Mahali pazuri ni chini ya kiti. Mpelekee fundi viatu kipande cha turubai au gunia imara akushonee mfuko wenye mikanda minne, ifungwe kwenye vyuma vya kushoto na kulia. Hakikisha hauburuti ardhi wala haugusi magurudumu, na kwamba upande mmoja unafunguka upesi unapotaka kukunja kiti. Humo ndimo mnakaa mchele, viazi na unga.

Vyepesi na vya haraka hukaa mapajani. Kwa hili sijaona kitu kinachoshinda kikapu cha ukindu chenye kitako kipana. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, vikapu vimerudi sokoni kwa heshima, nasi wenye viti tumefaidika kuliko wote, maana mfuko wa plastiki ulikuwa ukiteleza mapajani kama samaki. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata ukanda, upitishe kwenye mikono ya kikapu na uufunge kwenye sehemu za kuegemeza mikono. Hapo mikono yote miwili inabaki huru, na kwetu sisi mikono ndiyo miguu. Ukishika mfuko kwa mkono mmoja unabaki kuzunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Maji ni mtihani wake. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna mahali pa salama pa kuiweka kwenye kiti cha kawaida. Nunua za lita tano, beba mbili kwa safari, rudi tena. Utachelewa, lakini utafika. Simu yenye M-Pesa na kitambulisho vikae kwenye kibeti kinachopita kifuani, kamwe si kwenye mfuko wa nyuma wa kiti, kwa kuwa mkono unaoingia huko huuoni. Nyuma bakiza sweta, mwavuli, na kwa sababu nitakayoieleza, pampu ndogo ya baiskeli.

Onyo moja ni kwa wale ambao miguu yao haihisi. Sufuria ya wali iliyotoka motoni, birika, hata mahamri yaliyofungwa kwenye karatasi yakiwa ya moto, ukiyaweka mapajani yatakuunguza kimya kimya. Utagundua jioni unapovua nguo. Weka kibao au sinia lenye kitambaa kinene chini yake, au yaingize kikapuni. Na akina mama, pamoja na sisi wa kikoi, tukunje pindo za leso na buibui na kuzikalia. Spoki zikishika nguo hazina adabu, na anayekusukuma kwa nyuma huwa haoni.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi huo huo ndio uliokuwa ukijaza magodoro na mito ya nyumba zetu, na mto ndio sehemu ya kiti inayosahauliwa kuliko zote. Kile kitambaa cheusi kilichovutwa kati ya vyuma viwili si mto. Mwenye kuhisi hujigeuza makalio bila kufikiri, mara mia kwa siku. Asiyehisi hutulia, mfupa unakandamiza nyama mpaka damu inashindwa kupita, na kidonda kinaanzia ndani. Wakati kinaonekana juu ya ngozi tayari ni shimo. Ni ndugu wa kidonda cha kulalia, na huua: huingia usaha, huingia homa, mtu akaondoka na watu wakasema alikuwa mgonjwa siku nyingi.

Mto mzuri unaweza kushonwa hapa hapa. Sponji ngumu iwe chini, laini juu, na foronya ya pamba isiyo na mshono katikati. Usufi ni laini na unapitisha hewa, ila hushikana madonge, hivyo sharti uchambuliwe na kuanikwa mara kwa mara. Kuna njia ya kuujaribu mto wowote: mtu apitishe vidole chini ya mfupa wa kukalia ukiwa umeketi. Vikiweza kucheza, mto unafaa. Vikibanwa hata kuvitoa ni taabu, mto umekufa, badilisha. Jihadhari pia na ushauri wa kukalia tyubu iliyojazwa upepo yenye tundu katikati. Hukaba pembeni na kuzuia damu pale pale unapotaka ifike.

Hata mto bora hautoshi peke yake. Kila nusu saa, au kabla yake, inama mbele kifua kielekee mapajani, au egemea kushoto kisha kulia, na ukae hivyo dakika moja au mbili. Kujinyanyua kwa sekunde tatu ni salamu tu, damu haijarudi. Asubuhi na usiku chukua kioo ujitazame, au mwambie unayemwamini akutazame. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu tafuta sehemu iliyoiva weusi kuliko jirani yake, yenye joto, au iliyo ngumu unapoibonyeza. Ukiiona, usiikalie mpaka ipotee, hata kama kuna harusi. Usivae suruali yenye vifungo vya chuma mifuko ya nyuma, na usikalie funguo, sarafu wala simu.

Kipimo cha kiti nacho ni cha mwili wako, kama kanzu. Ukikaa, vidole viwili vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Mapaja yalale sawasawa: vikanyagio vikiwa juu mno, uzito wote hukimbilia makalioni; vikiwa chini mno, unateleza mbele. Kiti kikiwa kipana, jaza pembeni kwa mito midogo iliyokazwa, vinginevyo utaegemea upande mmoja miaka na mikaka, na uti wa mgongo utafuata.

Sasa jua letu. Kiti kilichoachwa nje mchana Malindi, ile pete ya chuma ya kusukumia huwa kama kikaango. Kiache kivulini, au kifunike kwa leso yenye maji kabla hujakipanda. Glavu za ngozi zilizokatwa vidole huokoa viganja. Na kunywa maji. Nalisema hili kwa sababu najua siri yetu: wengi wetu hatunywi, tukihofia kwamba mjini hakuna choo tutakachoingia. Mkojo ukikaa unaleta maradhi, na figo hazijui kwamba mlango wa choo ulikuwa mwembamba. Ukiona baraza ya nyumba yenye kivuli, iliyojengwa kimo cha kiti, omba ruhusa, hamia, nyoosha mwili, piga gumzo ukiwa macho kwa macho na wenzako. Lakini hama na mto wako, maana baraza ni jiwe.

Chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana. Ukitoka ufukweni, suuza kiti kwa maji baridi, kifute, tia mafuta kidogo kwenye maungio, na beringi zipakwe grisi. Gurudumu lililopungua upepo huchosha mabega na kudhoofisha breki, ndiyo sababu ya ile pampu, pamoja na spana na viraka vya pancha. Kwenye mchanga mzito geuza kiti, kivutwe kinyumenyume. Magurudumu membamba ya mbele yametengenezwa kwa korido za hospitali. Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani ambaye naye anatumia kiti, alibuni kiti cha njia mbovu chenye magurudumu mapana ya mpira mbele. Gurudumu hilo huitwa la Zimbabwe. Na hapo jirani Moshi, chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Elimu haiko mbali, iko safari ya basi.

Tukifika kwenye basi, kiti hugeuka jina. Kondakta mmoja aliwahi kunitoza nauli mbili, yangu na ya kiti, akisema huo ni mzigo. Nikamuuliza kama abiria wengine nao huwalipisha miguu. Gari zima lilicheka, naye akacheka, lakini hela hakurudisha. Kwenye tuktuk mambo ni mepesi kidogo ukijua kuamuru: mwambie kijana ashike vyuma vya chini, si mikono ya kiti inayochomoka, na kabla kiti hakijafungwa nyuma kwa mipira, chukua mto na vikanyagio uingie navyo. Mto ukidondoka Gede, utaumia mpaka Kilifi.

Hapa ndipo hesabu ya wanaodaiwa inapoanzia. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Kabla yake, sheria ya 2003 ilitaka magari ya abiria yarekebishwe ndani ya miaka miwili na majengo ya umma ndani ya miaka mitano. Mei 2025 tulipata sheria mpya, kutokana na mswada uliopelekwa bungeni na Seneta Crystal Asige, mwenyewe mwenye ulemavu wa macho. Karatasi tunazo. Mwenye duka wa Malindi bado anajenga ngazi mbili za marumaru, halafu anaweka mteremko mkali kama wa paa. Kipimo kinachojulikana ni moja kwa kumi na mbili: ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ule ulioniangusha haukufika hata mita moja. Nimekiri kosa la mfuko, lakini sikuanguka peke yangu.

Najua nitakayojibiwa. Wako watu Kilifi wanaotambaa kwa mikono, hawana kiti cha aina yoyote, nawe unazungumzia vikapu? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji viti, na wanaovipata ni kati ya watano na 35 katika kila 100, kutegemea nchi. Pengo hilo ni kubwa na nalijua. Ila kiti kinachotolewa bila mto kinaweza kumpeleka mtu hospitali, na kiti kisicho na pa kuweka unga humrudisha mtu kungojea mtoto atoke shule. Gharama ya kuyazuia yote mawili ni ndogo kuliko soda za hafla moja.

Ombi langu kwa kaunti, wafadhili na wanasiasa wetu lina mambo machache. Kila kiti kitoke na mto, mfuko wa chini, pampu na spana. Pawe na siku moja ya mafunzo, na mwalimu awe mtu anayekalia kiti, alipwe kwa kazi yake. Mafundi baiskeli wa Marafa na Kaloleni waonyeshwe jinsi ya kubadili beringi za kiti, kwa kuwa spoki na tyubu tayari wanazijua. Mishono tupewe wenyewe: pale Bombolulu, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza nguo na mapambo tangu 1969. Hakuna haja ya kuagiza mfuko wa kiti kutoka Ulaya.

Wiki iliyopita nilirudi sokoni kwa yule mama. Kikapu kilikuwa mapajani kimefungwa kwa tyubu, turubai liko chini. Alinitambua, akakitazama kiti juu mpaka chini kama anayekagua ng'ombe. Akachukua nazi nne, akasita nazo mikononi.

"Niziweke wapi?"

Nilimwonyesha chini ya kiti. Aliinama akaziingiza mwenyewe, mbili kushoto, mbili kulia, akavuta mkanda kuhakikisha. Kisha akanitajia bei ya juu, ile anayowatajia wote, na tukakaa pale tukibishana mpaka akapunguza shilingi kumi.